Mtoto wa Mbwa na Mkeka wa Ramadhani

Alikuja Kipungani, kisiwani Lamu, ndani ya kapu, na kapu lenyewe lilikuwa limesukwa hukohuko Kipungani. Kabla hatujafika nusu ya safari alikuwa ameshalikojolea. Sikulitilia maanani. Nilikung'uta, nikageuza kitambaa, nikaendelea na safari. Leo najua kwamba somo lake la kwanza alilipata palepale, na mwalimu nilikuwa mimi.

Nilimpata bara, upande wa Mpeketoni, kwa mkulima niliyemtengenezea pampu ya sola. Hiyo ndiyo kazi yangu: paneli, betri, taa, pampu. Naipenda kwa sababu haina ofisi. Nimeishi Voi, nimeishi Garsen, nimeishi Witu, na Malindi mara mbili. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mara yeye huomba uhamisho anifuate, mara mimi humfuata yeye. Binti yetu alikuwa na miaka tisa, na shule ya Kipungani ilikuwa ya nne kwake.

Kila tulipofika nyumba mpya, binti huyu alikuwa na swali moja, na aliliuliza kabla hata hajauliza choo kiko wapi. "Tutakaa hapa mpaka lini?" Nilikuwa na majibu mengi ya kuzungushazungusha. Hapa Kipungani aliniuliza nikiwa nimebeba godoro kichwani kutoka gatini, jasho linaniingia machoni, nikasema tu, "Tutakaa."

"Tutakaa kiasi cha kufuga mbwa?"

Alikuwa ameomba mbwa tangu Voi. Siku zote nilimjibu kwamba watu wa kuhamahama hawafugi mbwa. Sasa alikuwa amenibana, na godoro lilikuwa zito. Nikasema ndiyo, kiasi cha kufuga mbwa.

Basi siku ya kurudi kutoka Mpeketoni nikapanda mashua pale Mokowe na kapu langu. Mashua ilikuwa imejaa: magunia ya unga, kreti za soda, akina mama wawili waliotoka hospitalini. Hatujatoka gatini, nahodha akageuka.

"Bwana, kapu lako lalia."

"Ni mtoto wa mbwa."

Mama aliyekuwa karibu nami akavuta buibui lake kama mtu aliyeambiwa kuna moto. "Hebu mpeleke kule mbele! Asije akaniharibia udhu."

"Ni mkavu, Bi."

"Mkavu sasa! Tukipigwa na wimbi moja utaniambia ni mkavu?"

"Wenziwe waya na simu mpya," nahodha akasema kwa Kiamu, ambamo kuja ni kuya, "yeye aya na mbwa." Mashua nzima ikacheka, pamoja na yule mama. Nikapelekwa mbele kabisa kwenye ncha ya mashua, mimi na kapu, tukala maji ya chumvi njia nzima.

Watu wa huku hawamchukii mbwa, nataka lieleweke hilo. Wanachojihadhari nacho ni umajimaji wake: mate, mkojo, manyoya mabichi. Mbwa mkavu akikugusa nawe u mkavu, unakwenda zako. Akikugusa akiwa amelowa, huswali mpaka palipoguswa paoshwe mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa mchanga. Nilikuwa nimeishi pwani miaka ya kutosha kulijua hilo. Nililijua, nikaamua kutolifikiria mpaka nifike nyumbani.

Nyumbani, mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni akitungoja. Habari ilikuwa imeshafika kabla ya mashua.

Yeye ni mjane wa miaka sitini na kitu, msukaji wa mikeka. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili upande mmoja wa ua wake, yeye akikaa upande wa pili, kisima kikiwa katikati. Sisi wakubwa tulimwita Bi, binti yangu alimwita Bibi. Alilitazama kapu, akamtazama binti yangu aliyekuwa ameshapiga magoti mchangani na kumtoa yule kiumbe, mweusi, tumbo kubwa, miguu minne isiyokubaliana.

"Mbwa ni kiumbe cha Mngu," Bi akasema. "Na huko mashamba wako mbwa wanaofukuza tumbili, hapana aliyewasema. Lakini wale huketi shamba. Huyu wenu ataka kuketi na watu."

"Ni mdogo, Bi," mke wangu akasema. "Atafundishika."

"Mwalimu, weye wafunza wana wa watu darasa zima. Huyu mmoja hatakushinda." Akatugeukia sote. "Lakini nisikizeni. Ramadhani i mlangoni. Wanawake wa mtaa huu huya kuswali tarawehe ua huu, kila mwaka, tangu mama yangu yu hai. Hawatakuya kuswali palipokojolewa na mbwa. Nampa hata mwezi uandame. Akijua ndia yake, na aketi. Asipojua, arudi nti yake ya bara."

Kwa Kiamu cha Bi, ndia ni njia na nti ni nchi. Kisha akachora mstari mchangani kwa kisigino, kutoka kisimani hadi kwenye mpapai. "Huku ni Amu," akasema, yaani Lamu. "Huko ni bara. Asivuke."

Binti yangu alimkumbatia mbwa kifuani, akaniangalia mimi, si Bi. Nilielewa anachoniuliza. Mbwa akirudi bara, neno langu la kukaa litakuwa limerudi naye.

Kila alfajiri tangu siku hiyo, Bi alifagia ua kwa ufagio wa njukuti za mnazi, mstari ukafutika, kisha akauchora upya.

Siku za mwanzo mbwa alilia kwa kumkosa mama yake. Tulimtandikia katoni, binti yangu akaweka ndani sweta lake la Voi ambalo Lamu halikuwa na kazi tena. Jina la mbwa sitalitaja, kwa sababu juma la kwanza pekee lilibadilishwa mara tatu. Paka wa Bi, ambao ni wengi na hawana haya, walikuja kumkagua mmojammoja. Mmoja alimpiga kofi la pua, na kuanzia hapo akawa anawapisha njia kama mgeni yeyote mwenye akili.

Lakini kukojoa! Alikojoa sebuleni, alikojoa juu ya viatu vyangu, alikojoa huku anatembea. Mke wangu alisoma kwenye simu kwamba dawa ni mahali pamoja, neno moja na zawadi moja. Akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, mpeleke palepale. Akifanya, mwambie neno lilelile, mpe kitu kidogo cha kutafuna. Neno letu lilikuwa "Hodari!" na zawadi ilikuwa kidagaa kikavu.

Shida ya kisiwa hiki ni kwamba kila mahali ni mchanga. Ua ni mchanga, njia ni mchanga, nje ya uzio ni mchanga. Nilimpeleka nyuma ya uzio, nikasimama naye juani, akanusa, akalala. Nikamrudisha ndani, akakojoa. Kwa pua yake kisiwa kizima kilikuwa kitu kimoja kisicho na mwanzo wala mwisho. Nikaona kinachotakiwa ni alama, kitu kisicho mchanga, akikikanyaga ajue hapa ndipo.

Kwenye takataka za Bi, nyuma ya uzio, kulikuwa na kipande cha mkeka mkuukuu alichokitupa, kimeliwa na mchwa pembeni. Nikakichukua, nikakitandika nyuma kule, nikakifuta na lile tambara nililopangusia sebule ili kinuke mkojo wake.

Ilikuwa kama uchawi. Alikinusa, akazunguka mara mbili, akachutama. "Hodari!" Kidagaa. Baada ya siku nne alikuwa anakimbilia kule mwenyewe. Baada ya juma moja sebule yetu ilikuwa kavu. Nilitembea kijijini kifua mbele. Niliwaeleza watu gatini ambao hawakuniuliza. Mke wangu aliniambia, "Kumbe ungekuwa mwalimu," na kwa mwalimu kusema hivyo si jambo dogo.

Mtu yeyote mwingine wa Kipungani angeliona kosa langu siku ileile. Ni kijiji cha wasukaji. Ukipita mchana utawakuta wanawake vivulini wanasuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Mikeka inaanikwa juani, mikeka inakaliwa, mikeka inaliwa chakula juu yake, mikeka inaswaliwa. Katika kijiji hicho, kati ya vitu vyote duniani, mimi nilikuwa nimemfunza mbwa kwamba choo ni mkeka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku tisa kabla ya mwezi. Nilikuwa nimekaa kizingitini naongea na ndugu yangu kwa simu, namsimulia jinsi mbwa alivyofundishika. Bi alikuwa ametoa mkeka mpya, akautandaza mchangani upande wake upate jua, halafu akaingia ndani. Kila mwaka husuka mkeka mmoja wa kuswalia yeye mwenyewe Ramadhani, hauuzi wala hampi mtu. Huu ulikuwa mweupe wenye mistari ya zambarau na nyekundu, na alikuwa ameushughulikia tangu mwezi wa Rajabu.

Mbwa aliamka kwenye katoni yake. Akapiga miayo. Akatoka nje, na badala ya kupita mwanya wa uzio kama kawaida, akauona mkeka. Karibu, mpya, mkubwa kuliko ule wake mara kumi. Akavuka mstari bila kujua kwamba kuna mstari. Akapanda katikati, akazunguka mara mbili, akachutama, akakojoa mkojo wa usiku kucha.

Binti yangu alikuwa anaosha vyombo kisimani. Akainua kichwa, na mdomo wake ukatangulia akili yake. "Hodari!" akapaza sauti.

Mbwa akaja mbio kudai kidagaa.

Nilikata simu bila kuaga. Bi alikuwa ametokea mlangoni, na alikuwa ameona yote. Nilingoja apige kelele. Laiti angepiga. Aliutazama mkeka, akamtazama mbwa aliyekuwa anatikisa mkia na kutafuta dagaa mkononi mwa binti yangu, akakunja uso kama mtu anayepiga hesabu.

"Huyu hakukosea," akasema polepole. "Huyu amefanya alivyofunzwa. Nani aliyemfunza?"

Nikamweleza. Kipande kikuukuu, takataka, nyuma ya uzio.

"Mkeka wangu?"

"Ule uliotupa, Bi."

"Umetukua mkeka wangu ukamfanyia mbwa too." Alisema hivyo kwa lafudhi yake, kuchukua ikiwa kutukua na choo kikiwa too, taratibu, kama anayemsomea mtu barua. "Bwana, weye wasema watengeneza mitambo?"

Mke wangu alikuwa ametoka ndani, ameshika mdomo. Binti yangu alikuwa ameanza kulia bila sauti, machozi yakidondokea masikio ya mbwa.

Niliuosha mimi ule mkeka. Bi alikaa barazani na kuhesabu. Mara ya kwanza kwa mchanga na maji, nikisugua kwa kiganja, kisha maji, kisha maji. "Tatu," alisema. "Hapo pembeni hukufika. Rudia. Tatu." Kila ndoo niliyovuta kisimani ilitoka kwenye mkeka ikiwa nyekundu zaidi. Rangi haikuwa imeshika. Tulipofika saba, mkeka ulikuwa twahara na ulikuwa umeharibika: ule weupe wote umegeuka waridi, mistari imetambaa kama wino kwenye karatasi mbichi.

Nikasema, "Bi, kesho nitamrudisha mbwa Mpeketoni." Nilidhani ndilo neno la kiungwana.

"Nimekwambia kesho?" Akageuka kwangu na kwa mara ya kwanza nikaona amekasirika. "Mwezi umeandama? Nimesema hata mwezi uandame. Mimi sivunji neno langu. Anayetaka kiboko ni mwalimu wake, si yeye." Kisha akamwita binti yangu. "Weye mwana, kuya hapa. Futa machozi. Huyu mpe kitu kisichoswaliwa na mtu. Mpe makumbi."

Makumbi ni maganda ya nje ya nazi, yale ya nyuzinyuzi. Yako kila ua, yanawashiwa moto. Nilijiona mjinga kuliko siku zote. Tukachoma kile kipande cha mkeka, tukatandaza makumbi nyuma ya uzio, tukaanza upya, zikiwa zimebaki siku tisa.

Kufunza kiumbe ni kazi, kumfuta alichofunzwa ni kazi mara tatu. Mbwa aliyatazama makumbi kama chakula. Aliyabeba, akayatafuna, akayazika. Kila mkeka alioupita alisimama na kunitazama kwa matumaini. Alitakiwa mtu wa kukaa naye kutwa, kumfuata hatua kwa hatua, na mke wangu na binti yangu wako shuleni mpaka alasiri. Mtu huyo alikuwa mimi.

Siku ya tatu nilipigiwa simu kutoka Mtangawanda, kisiwa cha jirani. Betri za jokofu la samaki zimekufa, njoo, kazi ya siku nne, labda tano. Mfuko wangu wa vifaa huning'inia msumarini karibu na mlango, katika kila nyumba tuliyowahi kuishi. Sijawahi kuutia kabatini. Simu ya namna hiyo ikija, mkono wangu huwa umeshafika kwenye mfuko kabla sijamaliza kusema ndiyo, na sitasema uongo, miguu huwa inafurahi. Gati lingine, watu wengine, chai ya mahali pengine.

Niliutungua mfuko. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka shule, amekaa kizingitini na mbwa mapajani. Aliuangalia mfuko. Akamsogeza mbwa upande mmoja ili nipate nafasi ya kupita.

"Nenda tu, baba," akasema. "Nitamwambia Bibi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyezoea.

Nilipokuwa na umri kama wake tulihama nyumba, baba yangu akipelekwa kazi mji mwingine. Tulipakia vitu kwenye pikapu. Mbwa wetu alitufuata barabarani mpaka darajani, akasimama pale, akawa mdogo, mdogo. Niliambiwa jirani atamchukua. Hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kumtaka yule mbwa, nami nililijua hilo. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya godoro, natazama miji inayokuja, na baada ya daraja nilianza kufurahia safari. Ndilo linalonirudia mpaka leo, ile furaha. Nimeishi miji mingi tangu hapo, na kila mmoja naukumbuka vizuri zaidi nikishauacha.

Nikawapigia watu wa Mtangawanda, nikawaambia nitakuja mwezi ukishaandama. Wakalalamika. Nikautundika mfuko.

Basi nikakaa. Asubuhi nilimfuata mbwa, mchana nilimfuata mbwa. Alipochutama juu ya makumbi nilipiga ukelele wa "Hodari!" mpaka majirani wakaitika. Alasiri binti yangu alichukua zamu kwa somo jingine alilolibuni mwenyewe: alikopa mkeka mkuukuu kwa Bi, akautandika upande wetu, na kila mbwa alipousogelea alimkalisha pembeni, ukingoni kabisa, akampa kidagaa kwa kutokanyaga. Kisha alivuka kwenda kukaa na Bi, aliyekuwa ameanza kumfundisha kusuka ukili. Vidole vyake vilikosea, Bi akafumua. "Tena." Akakosea. "Tena, mwanangu. Mbwa mwenyewe ajifunza, weye hutaki?" Nilisikia mtoto wangu akicheka upande wa Amu, na mimi na mbwa tuko bara, tumechuchumaa mbele ya makumbi.

Mwezi uliandama siku yake. Watu walipiga kelele za furaha ufukweni, na Bi akatoa mikeka. Ule wa waridi aliutandaza mbele. Hakuwa na wakati wa kusuka mwingine. Wanawake walikuwa wameanza kuingia uani kumpa heri ya mwezi, na mmoja akauliza, "Bi, rangi gani hii mwaka huu?"

"Ya bara," akajibu bila kucheka.

Mlango wetu ulikuwa wazi. Mbwa akatoka kwenye katoni, akajinyosha. Ua mzima ulikuwa umetandikwa mikeka, zaidi ya aliyowahi kuota. Nilitaka kukimbia kumshika, mke wangu akanivuta shati. "Mwache. Leo ndiyo mtihani."

Akaenda mpaka ukingo wa mkeka wa kwanza. Akaunusa. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili, kama afanyavyo kabla ya kuchutama. Kisha akakaa ukingoni, mkia mchangani, akamtafuta binti yangu kwa macho kudai kidagaa chake. Mbwa alipoona dagaa haiji, akainuka, akapita mwanya wa uzio, na baada ya muda kidogo tukasikia makumbi yakikwaruzwa nyuma kule.

Mama mmoja akauliza, "Huyo aenda wapi?"

"Aenda haja," Bi akasema. "Ajua ndia."

Akainama kunyoosha ukingo wa mkeka. Wanawake wakakaa.

Kesho yake asubuhi nilisikia ufagio kama kawaida. Nilikuwa napanga vifaa vya Mtangawanda, siku nne tu, nilikuwa nimemwahidi binti yangu. Binti yangu akaja mbio kutoka nje, akanishika mkono, akanipeleka uani. Bi alikuwa ameshamaliza kufagia na kuchora mstari wake. Haukuanzia tena kisimani. Ulianzia upande wa pili wa kisima, karibu na ngazi ya baraza ya Bi. Binti yangu akapima kwa nyayo kutoka kisimani mpaka mstarini, kisigino kwa kidole, akafika sita.

"Baba," akaninong'oneza, "bara imekuwa kubwa."

Mbwa alikuwa amelala kisimani kivulini, pale ambapo jana palikuwa Amu, ana kumbi mdomoni. Binti yangu akachukua ukili wake alioufikisha urefu wa mkono, akaenda kukaa karibu na Bi. Akamwuliza mkeka mzima wa mtu mmoja huchukua muda gani kwa anayejifunza.

"Mwaka," Bi akasema. "Ukiwa si mvivu."

Binti yangu akafikiri kidogo. Nilingoja ageuke aniulize tutakaa mpaka lini. Akainamisha kichwa, akaendelea kusuka.